Kwenda Venice kwa ndege ya kukodi: ugumu huanza ukishatua

Anayekodi ndege kwenda Venice kwa mara ya kwanza humaliza muda wake mwingi kwenye kuchagua ndege. Viti ni vya ngozi? Kitanda kipo? Intaneti inashika? Ndege ndiyo sehemu rahisi. Ukilipa, inakuja na inaruka. Safari ya Venice huharibiwa na mambo mawili ambayo hayamo kwenye picha za matangazo. La kwanza ni ratiba ya Marco Polo, uwanja wa ndege wa Venice, la pili ni zile kilomita nane hivi za maji kati ya uwanja na mlango wa hoteli. Ukiwa na bajeti ya kupima, chukua ndege ya daraja la chini kidogo na hiyo tofauti ya bei iweke kwenye boti, gati na wapagazi. Madalali hawaupendi ushauri huu, kwa kuwa kamisheni yao iko kwenye ndege.

Tuanze na anayetoka kwetu. Nairobi hadi Venice ni kama kilomita 5,700 ukipiga mstari ulionyooka, ila hakuna rubani anayeupita mstari huo. Anga la Sudan lilifungwa vita vilipozuka Aprili 2023, na Libya wengi huikwepa, kwa hiyo njia huzungukia Bahari ya Shamu kisha ikaingia Misri. Ndege kubwa kama Gulfstream G550 au Global 6000 inafika moja kwa moja. Ndege ya ukubwa wa kati itatua kujaza mafuta, mathalani Hurghada, Cairo au Jeddah, na hapo unaongeza kama saa moja na seti nyingine ya vibali. Nairobi nayo ina mkasa wake: JKIA, uwanja wake mkuu wa ndege, iko zaidi ya mita 1,600 juu ya usawa wa bahari. Hewa ya huko ni nyepesi, na jua la mchana huizidisha wepesi, hivyo ndege iliyojaa mafuta hupanda kwa shida. Rubani akikuambia mtaondoka alfajiri, usimbishie. Hapo anaokoa mafuta ambayo mchana angelazimika kuyaacha chini. Kuondokea Wilson, uwanja mdogo wa Nairobi, kwa safari ndefu namna hii sahau tu, njia yake ya kurukia ni fupi mno. Dar es Salaam na Mombasa hazina tatizo la mwinuko.

Kabla ya bei, uliza ndege imesajiliwa wapi na inaendeshwa kwa leseni ya nchi gani. Mwendeshaji wa kibiashara kutoka nje ya Umoja wa Ulaya lazima awe na idhini ya EASA, mamlaka ya usalama wa anga ya Ulaya, na asiwe kwenye orodha ya waliozuiwa. Mashirika yote yaliyopewa leseni Kongo yamo kwenye orodha hiyo tangu zamani. Yale ya Tanzania yote yaliingizwa Juni 2025. Orodha hurekebishwa mara kwa mara, kwa hiyo itazame wiki unayosaini mkataba, usitegemee ya mwaka jana. Kinachotokea mtu asipouliza ni hiki: dalali anapokea malipo ya awali, anaomba kibali Italia, kibali kinakataliwa, halafu anaanza kutafuta ndege nyingine siku tatu kabla ya safari kwa bei ya mwenye shida. Na hata mwenye idhini halali hawezi kukubeba kibiashara kutoka Venice hadi Roma kama si wa Ulaya, maana safari za ndani wamejiwekea wao wenyewe. Mwenye mpango wa kuzunguka miji ya Italia akodi ndege ya huko kwa vipande hivyo.

Kwa kundi la watu wanne au watano, mpango unaoeleweka kuliko yote ni wa nusu kwa nusu. Panda ndege ya kawaida ya shirika kubwa, daraja la juu, hadi London au Paris, kisha kodi ndege ndogo ya huko kama Phenom 300 au Citation CJ3. London hadi Venice ni saa mbili hivi. Unalala vizuri usiku kwenye ndege kubwa, unaepuka vibali vya nusu ya Afrika, na sehemu ya kifahari unaipata pale inapoleta faida ya kweli, yaani kuingia Italia bila foleni.

Ndege hizi ndogo zina kasoro moja ambayo wengi huigundua uwanjani: buti lake. Nafasi ya mizigo si haba, ila mlango wake ni mdogo na umbo la ndani limepinda. Sanduku kubwa gumu la magurudumu manne linaweza kugoma kuingia kabisa, huku mabegi laini matatu yenye ujazo uleule yakipita na nafasi ikabaki. Kwenye nyingi kati yao buti halifikiki mkiwa angani. Dawa, hati za kusafiria na maziwa ya mtoto vikae ndani na abiria.

Majina yapelekwe kwa mwendeshaji kama yalivyo kwenye mistari miwili ya chini ya ukurasa wa picha wa pasipoti. Si kama anavyoitwa ofisini, wala kama yalivyo kwenye kadi ya harusi. Watu wetu wenye majina matatu ndio hukwama hapa: katibu anaandika mawili, pasipoti ina matatu, na viza ina mpangilio wa tatu. Na viza ni lazima. Ndege binafsi haimwondolei Mkenya wala Mtanzania viza ya Schengen, na tangu Oktoba 12, 2025 Ulaya ilianza kusajili alama za vidole na picha ya uso ya wageni mipakani. Ukipanga kuchepuka hadi Kotor kule Montenegro na kurudi Venice, hakikisha viza ni ya kuingia zaidi ya mara moja. Croatia haina shida hiyo, imo ndani ya Schengen tangu 2023.

Sasa uwanja wenyewe. Marco Polo ni uwanja unaogawiwa kwa nafasi: kila kutua na kila kuruka kuna muda wake, unaoombwa kupitia Assoclearance, shirika la Italia linalogawa nafasi hizo. Siku ya kawaida ya Februari utaupata. Wiki ya kanivali, siku za ufunguzi wa maonyesho ya sanaa ya Biennale, au tamasha la filamu la kisiwa cha Lido linaloanza mwishoni mwa Agosti au mwanzoni mwa Septemba, utapewa saa usiyoitaka na utashukuru. Kinachobana zaidi ya nafasi ya kutua ni maegesho. Uwanja unaweza kuiruhusu ndege ishushe abiria na iondoke ndani ya muda mfupi, ikaegeshwe Treviso, Verona au Trieste. Juni 2025, kwenye harusi ya Jeff Bezos, makumi ya ndege binafsi yalishuka eneo hilo na viwanja vya jirani vikabeba zilizozidi. Kuhamisha ndege tupu ni safari inayolipiwa kama safari nyingine yoyote. Ndiyo maana swali la kumwuliza dalali kabla hujasaini ni moja: bei hii inachukulia ndege italala wapi? Asipojua, bei hiyo ni ya kubuni. Wakati mwingine Treviso yenyewe, kilomita kama 30 kutoka Venice, ndiyo jibu zuri la kutua tangu mwanzo, mradi uwe umepanga gari hadi maji yanapoanzia.

Bei nayo isomwe kwa chini. Mikataba mingi huacha nje gharama ya kuyeyusha barafu kwenye mabawa, saa za ziada za huduma ya uwanja na intaneti ya angani. Italia ina pia kodi ya abiria wa ndege za kukodi: euro 100 kwa kila mtu kwa safari ya zaidi ya kilomita 100 hadi 1,500, na euro 200 ikizidi hapo. Kwa mtu mmoja si kitu, kwa abiria 12 kwenda na kurudi ni pesa ya kuulizia.

Wanaotaka kwenda asubuhi na kurudi usiku uleule wawafikirie marubani. Saa zao za kazi zinahesabiwa tangu waliporipoti, si tangu abiria alipopanda, na kwa siku moja kikomo ni karibu saa 13. Chakula cha jioni kikivuka muda, nahodha hatakuwa na hiari ya kukusaidia. Ndege italala, na wewe utatafuta hoteli Venice saa nne usiku.

Kuanzia Novemba hadi Februari kuna ukungu. Bonde la mto Po hujaa ukungu mzito usiku na asubuhi, na hapa ndipo mwenye ndege binafsi hushangaa. Marco Polo ina mitambo ya kutulia karibu bila kuona, ila mitambo hiyo inahitaji ndege na marubani walioidhinishwa kwa kiwango hicho. Ndege ndogo nyingi za kukodi zimeidhinishwa kwa kiwango cha kwanza tu: rubani akifika futi 200 juu ya ardhi hajaona taa za njia, anapaa tena, na uonekano wa njia ukiwa chini ya mita 550 hata kujaribu haruhusiwi. Kwa hiyo abiria wa tiketi ya kawaida anatua, wewe uliyelipa mara thelathini yake unapelekwa Trieste. Tiba ni kupanga kutua mchana, kuanzia saa sita hadi saa tisa, ukungu ukiwa umeinuka, na kumtaka dalali aandike kiwango cha ndege hiyo kwenye mkataba. Kiangazi shida hubadilika na kuwa ngurumo na mvua ya mawe za alasiri, na hapo asubuhi ndiyo bora.

Ukishatua, jengo la ndege binafsi lina ukaguzi wake wa pasipoti na huchukua dakika chache. Yaliyo ya kuangalia ni machache. Fedha taslimu zinazofika euro 10,000 zinatangazwa. Nyama na maziwa kutoka nje ya Ulaya havishuki. Biriani iliyobaki, samli ya bibi, nyama iliyokaushwa, vyote vinaishia kwenye mfuko wa taka maalumu za kuteketezwa, hata kama sufuria haijafunguliwa. Maziwa ya unga ya mtoto yanapita, mradi hayazidi kilo mbili, hayahitaji friji na pakiti imefungwa. Mbwa kutoka Kenya au Tanzania anahitaji kipimo cha damu cha kinga ya kichaa cha mbwa, damu itolewe angalau siku 30 baada ya chanjo, kisha miezi mitatu ya kusubiri. Anayekumbuka mbwa wiki mbili kabla ya safari amwache nyumbani.

Halafu yanaanza maji.

Teksi ya boti ya Venice ni motaboti ya mbao iliyong'arishwa, yenye kibanda cha chini unachoingia kwa kuinama na kushuka ngazi. Kwa kawaida hubeba hadi watu 10. Ukiwa na mizigo ya safari ya jeti, hesabu watu wanne hadi sita kwa boti, na mkiwa wengi weka boti ya pili ya mizigo peke yake. Hakuna boti ya haraka ya kununua kwa pesa. Mwendo umewekwa na sheria: kilomita 20 kwa saa kwenye mikondo ya wangwa, yaani maji ya kina kifupi yanayouzunguka mji, 7 kwenye Mfereji Mkuu, 5 kwenye mifereji midogo, kwa sababu mawimbi ya injini hula misingi ya majumba. Uwanja wa ndege hadi San Marco, katikati ya mji, ni dakika 30 hivi, uwe nani. Kina cha wangwa kwa sehemu kubwa ni kama mita moja tu, kwa hiyo boti hufuata nguzo za mbao zilizofungwa tatu tatu zinazoonyesha mkondo. Nahodha akitoka nje ya nguzo hizo kukata kona, ujue anaijua sana sehemu hiyo au haijui kabisa. Upepo wa kaskazini mashariki ukivuma, kipande kilicho wazi kabla ya Murano hurusha maji, na anayetaka kusimama nyuma apige picha avae koti.

Njiani unapita Murano, kisiwa ambako tanuri za vioo zilihamishiwa 1291 kwa kuhofia moto mjini. Ushanga wa Venice ulifika hadi kwetu: samesame, ule mwekundu ambao misafara ya karne ya 19 iliubeba kutoka Zanzibar kwenda Ujiji kununulia chakula na pembe, ulitoka huku.

Mtu wa pwani ataona maji ya Venice kama mchezo. Bamvua ya Zanzibar hupanda na kushuka karibu mita nne, ya Venice haifiki hata mita moja na nusu. Ila mji ule umejengwa ukidhani maji hayatembei, kwa hiyo sentimita 30 zinatosha kuvuruga siku. Maji yakijaa hadi karibu mita moja kwenye kipimo chao cha Punta della Salute, boti hazipiti chini ya madaraja ya chini, na nahodha lazima azunguke mbali. Yakipwa sana, tatizo ni ngazi: mlango wa maji wa hoteli unabaki juu, na ngazi zilizofichuka zina ukijani unaoteleza kuliko sabuni. Mzee wa miaka 75 mwenye viatu vya ngozi hapaswi kuzikanyaga. Kwa hiyo katika kuchagua hoteli, kabla ya kuuliza nyota na mandhari, uliza kama ina gati linaloelea, lile linalopanda na kushuka na maji. Zilizo kwenye Mfereji Mkuu kama Gritti Palace mgeni hushukia hapohapo mlangoni. Nyingine nzuri sana ziko ndani, na kutoka boti inapoishia hadi mapokezi kuna daraja moja au mawili, kila moja na ngazi za kupanda na kushuka. Kwa mtu wa kiti cha magurudumu, boti yenye lifti iagizwe mapema, zipo chache. Hoteli ya Cipriani kule kisiwa cha Giudecca ni tulivu na ina boti yake ya kwenda San Marco, lakini hufunga majira ya baridi.

Wengi wanadhani kuta za MOSE zimemaliza mafuriko. Zile pande 78 za chuma kwenye milango mitatu ya bahari ziliinuliwa kwa mara ya kwanza kuzuia maji Oktoba 3, 2020, na zinafanya kazi yake vizuri. Kazi hiyo ni kuzuia mafuriko kama yale ya sentimita 187 ya Novemba 12, 2019. Ila huinuliwa pale utabiri unapofikia kama sentimita 110, huku uwanja wa San Marco ukianza kulowa kwenye 80. Pengo hilo la sentimita 30 ndilo linalowakuta wageni na viatu vya suede. Kituo cha maji cha manispaa hutoa utabiri wa siku tatu mbele. Usome jioni kabla ya kupanga saa ya boti. Mwenye kuchanganya jeti na yoti akumbuke kwamba MOSE ikiinuliwa, milango ya bahari imefungwa, na yoti inabaki upande iliokuwapo.

Mizigo mikubwa ya watu wengi ipelekwe na boti ya mizigo asubuhi mapema, kabla mifereji haijajaa boti za bidhaa. Ukiwa na wapagazi, kubalianeni bei kwa kila begi kabla hawajaligusa, na sema mapema kuna madaraja mangapi.

Kuna pia ada ya kuingia mjini, iliyoanza Aprili 25, 2024. Mwaka huo ilitozwa siku 29, mwaka 2025 siku 54, kati ya saa mbili na nusu asubuhi na saa kumi jioni: mwaka 2024 ilikuwa euro 5, na mwaka 2025 euro 5 ukijisajili mapema, euro 10 ukichelewa. Aliyelala hoteli mjini halipi, lakini anapaswa kuwa na msimbo wa msamaha kwenye simu. Wanaokuja kwa jeti kula chakula cha mchana na kuondoka ndio huisahau, na faini ni kati ya euro 50 na 300. Katibu anaimaliza kwa dakika tano akiwa Nairobi.

Vioo vya Murano nunua kwa kwenda mwenyewe. "Boti ya bure" inayotolewa hotelini huishia kwenye ukumbi wa mauzo wenye mlango mmoja. Ununuzi wa zaidi ya euro 70 katika duka moja unakupa haki ya kurudishiwa kodi ya mauzo, ambayo Italia ni asilimia 22, kama unaishi nje ya Ulaya. Kwenye ndege binafsi hakuna dirisha la kupitia ukitembea: mwambie wakala wa uwanjani siku moja kabla kwamba unataka forodha, na bidhaa zisiwe zimeshapakiwa. Kama unaondoka kupitia Paris kupanda ndege kubwa, uthibitisho hufanywa Paris, si Venice.

Siku ya kuondoka, hesabu kinyumenyume. Ndege ikipewa muda wa kuruka na kituo cha Ulaya cha kudhibiti msongamano, dirisha lake ni dakika tano kabla hadi dakika kumi baada. Ukilikosa, unapangwa upya, na kiangazi hiyo inaweza kuwa saa nzima au zaidi. Kwa kuruka saa sita mchana, abiria awe kwenye jengo saa tano na robo, boti iondoke gatini saa nne na nusu, mabegi yawe chini saa nne. Na siku ya bamvua ongeza dakika 20 za kuzunguka madaraja.